Tairi la akiba la bei nafuu Lubumbashi: pa kununua na cha kukagua kabla ya kulipa

Anayetafuta tairi la akiba la gari dogo Lubumbashi ana milango minne ya kubisha: duka la matairi mapya mjini, wauza matairi ya okazyo (yaliyokwishatumika) wanaoyapanga kando ya barabara, kwado (fundi wa pancha) wa mtaani, na yadi za magari yaliyofunguliwa ili yauzwe vipuri. Tathmini hii inaipima yote minne kwa ajili ya magari ya Toyota kama Vitz, IST, Runx na Corolla. Hukumu tuitoe mapema. Kinacholipa ni gurudumu zima la okazyo, tairi pamoja na janti (rimu) ya chuma, la kipimo kilekile kilichofungwa kwenye gari, baada ya tairi kuvuliwa kwenye janti na kukaguliwa ndani mbele yako. Njia nyingine zinafaa kwa hali fulani, na kila moja ina gharama isiyoonekana siku ya kununua.

Magari mengi ya Japani ya miaka ya karibuni hayana tairi la akiba tangu kiwandani. Ukiinua zulia la buti unakuta chupa ya dawa ya kuziba na kompresa ndogo. Dawa hiyo huwa na tarehe ya kuisha nguvu, na gari lililotumika miaka kumi kabla ya kuletwa huku kwa kawaida limeshaipita. Hata ikiwa nzima, inaziba tundu la msumari kwenye meno ya tairi tu. Ubavu uliopasuliwa na ukingo wa shimo hauzibiki kwa chupa yoyote. Mwenye safari za Likasi, kilomita kama 120, au Kasumbalesa, karibu 90, katikati ya malori ya migodini, anahitaji gurudumu la kweli. Polisi wa rulaji (wa barabarani) nao wakikusimamisha, huliulizia pamoja na triangulo na kizima-moto.

Kabla ya kutoka nyumbani soma sehemu mbili: ubavu wa tairi lililofungwa sasa, na karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Maneno ya karatasi hiyo ni ya Kijapani lakini tarakimu zinasomeka: kipimo cha tairi, kisha upepo kwa kPa. Ukiona 220, hiyo ni bar 2.2, sawa na psi 32. Vitz ya kwanza, ya 1999 hadi 2005, mara nyingi ilikuja na 155/80R13 au 165/70R14. Iliyofuata, hadi 2010, ilikuja na 165/70R14 au 185/60R15. Corolla na Runx za mwanzoni mwa miaka ya 2000 mara nyingi huwa na 175/70R14. Usitegemee jina la gari peke yake, kwa sababu mwenye gari wa kwanza huenda alishabadilisha janti zote.

Muuzaji asipokuwa na kipimo chako atakupa cha jirani na kusema ni kilekile. Hapo fanya hesabu. Kwenye 165/70R14, 165 ni upana kwa milimita, 70 ni asilimia, na 14 ni janti kwa inchi. Zidisha upana kwa asilimia, zidisha kwa mbili, kisha ongeza janti (inchi mara 25.4). Tairi la 165/70R14 linatoa kimo cha milimita 587. Lile la 175/65R14 linatoa 583, tofauti ndogo isiyodhuru, kwa hiyo likubali bila wasiwasi. 175/70R14 ni 601, zaidi kwa asilimia 2.4, kwa kutoka ulipoharibikiwa hadi kwa kwado linafaa. 185/65R15 ni 622, zaidi kwa asilimia 6. Hilo likatae: litasugua plastiki ya ndani ya mlinda-tope ukikata kona, na kwenye shimo la buti halitalala. Mpaka wetu ni asilimia 3. Angalia pia namba ya uzito inayofuata kipimo: 79 ni kilo 437, 81 ni kilo 462, 82 ni kilo 475. Isiwe chini ya ile ya matairi yako manne.

Sasa njia ya bei rahisi kuliko zote, ambayo hakuna muuzaji atakayekutajia. Kama matairi mawili ya gari lako yamebakiza meno kidogo na ulikuwa umeshapanga kuyabadili, usinunue tairi la akiba kabisa. Nunua mawili mapya, yafunge kwenye ekseli moja, kisha lile zuri zaidi kati ya yaliyotoka lifanye la akiba. Utakachohitaji kununua ni janti tupu ya chuma. Watu wengi hupenda kufunga mapya mbele kwa sababu ndiko injini inakovuta. Afadhali nyuma: wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, gari lenye matairi yaliyoisha nyuma huteleza mkia kwenye kona yenye maji, na dereva wa kawaida hana namna ya kulirudisha.

Wasio na bahati hiyo waende kwa wauza okazyo. Huko ndiko kuna chaguo kubwa na pia ndiko kuna udanganyifu mwingi, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Anza na umri. Tafuta neno DOT kwenye ubavu na usome tarakimu nne za mwisho. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tarakimu hizo mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo usipoziona geuza tairi. Ukikuta tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Liache hapo lilipo hata kama meno yake ni mazuri. Watengenezaji wakubwa husema tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano na lisizidi kumi. Kwa la akiba sisi tunasimama kwenye minane siku ya kununua, maana litakaa kwenye buti miaka mingine kabla halijahitajika. Mpira uliozeeka hukauka. Kunja ubavu kwa vidole gumba viwili: ukiona nyufa nyembamba kama nywele kwenye mstari wa herufi au chini ya meno, mafuta ya ndani ya mpira yameshatoka.

Pili, futa. Beba kitambaa chenye maji na sabuni. Matairi mengi ya barabarani hupakwa rangi au mafuta ili yang'ae, na weusi huo unaficha nyufa na viraka. Futa kipande cha urefu wa kiganja kwenye ubavu na kingine kati ya meno. Muuzaji wa haki hatakukataza.

Meno yenyewe yana kipimo chake. Ndani ya mifereji mikuu kuna vigingi vidogo vya mpira, na pembeni yake kwenye bega la tairi kuna herufi TWI au pembetatu. Vigingi hivyo vina kimo cha milimita 1.6, na meno yakifika hapo tairi limekwisha. Kwa la akiba la kununua taka angalau milimita 4. Jihadhari na matairi yaliyochongwa upya kwa kisu cha moto. Dalili zake ni mifereji yenye kina kisicho sawa, kingo zilizoyeyuka, na zaidi ya yote vigingi vya TWI vimekatwa. Tairi la gari dogo halina mpira wa ziada wa kuchongwa, na kisu kikipita kidogo tu kinafika kwenye nyaya za chuma. Maji yakizifikia, kutu inaanza na tairi linaachia vipande likiwa kwenye mwendo.

Lipo jambo jingine la matairi ya okazyo ya Kijapani: mengi ni ya theluji. Meno yake yana mikato mingi myembamba ya mawimbi, na ubavuni pameandikwa STUDLESS au pana alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Bridgestone Blizzak na Yokohama iceGUARD ni mifano inayojulikana. Yanaonekana mazuri kwa sababu meno yake huanza yakiwa marefu. Lakini mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa barafu, na kwenye lami ya moto ya Oktoba unakwisha haraka na kupata joto kupita kiasi. Kama la akiba la kukufikisha kwa kwado linaweza kukubalika kwa bei ya chini sana. Kama unataka kulitumia wiki nzima, hapana.

Kisha ndani, ambako ndiko wengi hawafiki. Mwambie muuzaji mapema, kabla ya kuanza bei: «Papa, mnivulie hili kwenye janti nione ndani, kazi ya kwado nitalipa mimi.» Akikataa, maliza mazungumzo kwa adabu uende meza nyingine. Tairi likishavuliwa, pitisha kiganja mzunguko mzima upande wa ndani wa ubavu. Ukikuta unga mweusi au vipande kama takataka za kifutio, tairi hilo lilikimbizwa bila upepo, nyuzi za ubavu zimekatika, na litatoa uvimbe mara litakapobeba uzito. Kwa nje dalili yake ni mstari uliochubuka unaozunguka ubavu wote. Tafuta pia viraka. Kimoja chenye kingo zilizolala vizuri, katikati ya meno, juu ya tundu lisilozidi milimita 6, hakina tatizo. Kiraka kwenye bega au ubavuni, au ubavu ulioshonwa kwa uzi, ni sababu ya kukataa bila majadiliano. Mwisho kagua mdomo wa tairi, ile pete nene inayokaa kwenye janti. Vyuma vya kwado huuchana, na waya ukionekana pale upepo hautakaa.

Akikuambia tairi «lina shambreri ndani, halitakusumbua», yaani mpira wa ndani wa kushika upepo, hiyo ndiyo sababu ya kuliacha. Tairi la tyublesi (lisilohitaji mpira wa ndani) huwekewa shambreri pale ambapo limeshindwa kushika upepo lenyewe, kwa janti iliyopinda au ubavu uliotoboka. Shambreri inasuguana na ndani ya tairi, inapata joto, na ikitoboka upepo wote unatoka mara moja, ilhali tyublesi lenye msumari huvuja polepole na kukupa muda wa kusimama.

Janti nayo ina mitego, na hapa ndipo yadi za magari yaliyofunguliwa zinapopata alama nyingi kwetu: unaweza kuona gari ilikotoka. Hesabu matundu ya nati. IST ya kwanza ina manne, iliyotoka 2007 ina matano. Allion na Premio za 2001 hadi 2007 zina matano. Kwenye janti ya matundu manne, pima katikati ya tundu hadi katikati ya lile linalotazamana nalo: Vitz na Corolla za rika hilo hutoa milimita 100. Kwenye ya matano, pima matundu mawili yanayofuatana: takriban 59 ina maana duara ni 100, takriban 67 ina maana ni 114.3. Kisha tundu la kitovu. La Toyota hizi ni milimita 54.1, la Honda Fit 56.1, la Nissan March ya K12 60.1. Zote tatu zina 4 kwa 100 (matundu manne kwenye duara la milimita 100), kwa hiyo muuzaji atasema zinaingiliana. Janti ya Toyota haiingii kabisa kwenye kitovu cha Honda wala cha Nissan. Ya Nissan itaingia kwenye Toyota, ila itakuwa imeshikwa na nati peke yake; nenda nayo taratibu, na si mbali.

Nati usichanganye kamwe. Toyota na Honda hutumia uzi wa 12 kwa 1.5 (unene wa bolti, kisha nafasi kati ya mizunguko ya uzi, kwa milimita), Nissan 12 kwa 1.25. Nati ya Nissan inaanza kuingia kwenye bolti ya Toyota, inakaza, na fundi asiye mwangalifu anailazimisha mpaka inaharibu uzi. Nati asilia za Honda zina kichwa cha mviringo, na kwenye janti ya chuma ya Toyota yenye tundu la koni hazikai sawasawa. Kama gari lako limevishwa janti za alumini za kununua, nati zake ndefu nyembamba huenda zisibane janti ya chuma. Nunua nati nne za koni, zifunge kwenye mfuko na uziweke pamoja na gurudumu la akiba.

Kwa kupinda, funga janti tupu kwenye gari lililoinuliwa, izungushe kwa mkono huku umeshika kalamu karibu na ukingo. Ukingo wa ndani uliopinda kidogo kwado ataunyoosha kwa nyundo na hakuna ubaya. Ufa, au alama ya kuchomelewa, ni chuma chakavu. Upana uliopigwa muhuri kwenye janti, 5J au 5½J, unalifaa tairi la 165 au 175.

Huduma ya kwado yenyewe tunaipa sifa nzuri, kwa masharti. Kazi ya kuvua na kuvisha kwa vyuma inafanyika haraka na kwa malipo madogo, na makwado wengi wana mkono mwepesi kuliko mashine iliyozeeka. Udhaifu uko kwenye mambo matatu. Manometa zao (vipima upepo) huanguka chini kila siku na hazisemi ukweli, kwa hiyo beba yako. Valvu ya zamani hurudishwa ilivyo. Dai mpya, ni kitu cha bei ndogo na ndicho kinachovuja kwanza. Na kutu kwenye ukingo wa janti haisuguliwi usipoomba. Isuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, tairi livishwe, upepo utiwe, kisha maji ya sabuni yamwagwe kwenye valvu na ukingoni pande zote mbili. Subiri dakika tano. Povu dogo linalokua mahali pamoja ni uvujaji ambao usiku mmoja hautauonyesha na mwezi mmoja utauonyesha.

Maduka ya mapya tutayapita haraka. Matairi ya Kichina ya vipimo vidogo ni ya kutosha kabisa kwa akiba, na unapata risiti. Soma DOT hata hapo, kwa sababu tairi lililokaa dirishani kwenye jua miaka minne linauzwa kama la jana. Kuweka jipya kwenye giza la buti huku ya okazyo yakiwa chini ya gari ni kupanga mambo kinyume.

Yale membamba ya akiba, ambayo maandishi yake huanza na herufi T, yanauzwa rahisi kwenye yadi na yanalala vizuri kwenye buti. Yanataka bar 4.2, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na hayapaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Yasifungwe mbele kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kwa kuwa kimo chake kidogo kinailazimisha difarensiali kufanya kazi mfululizo. Pancha ikiwa ya mbele, toa gurudumu la nyuma lipeleke mbele, na jembamba lifunge nyuma. Kwa anayezunguka mjini kati ya mitaa ya Kamalondo, Kenya na Katuba linatosha. Kwa barabara ya Kolwezi hatulipendekezi.

Kwenye bei tunatumia vipimo viwili. Tairi tupu la okazyo lisizidi nusu ya bei ya jipya la kipimo hicho, na gurudumu zima, tairi na janti, lisizidi bei ya tairi jipya tupu. Uliza kwanza bei ya jipya dukani ndipo ushuke barabarani. Bei hutajwa kwa dola. Beba noti ambazo hazijachanika hata ukingoni, la sivyo zitarudishwa au zitakuwa sababu ya kukupandishia. Lipa baada ya jaribio la sabuni. Kwenda Kasumbalesa kwa ajili ya tairi moja hakulipi; mafuta ya kwenda na kurudi yanakula kilichopungua.

Ukishalipata, tia bar 2.8 hadi 3 na upime kila mwezi, maana tairi zima hupoteza takriban bar 0.1 kwa mwezi. Siku ya kulitumia utapunguza hadi namba ya mlangoni. Lilaze kwenye buti na ulikaze kwa skrubu yake, na pamoja nalo weka kriki (jeki), ufunguo wa milimita 21 kwa Toyota au 19 kwa Honda, na kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 30, kwa sababu udongo mwekundu uliolowa humeza kriki. Legeza nati gari likiwa bado chini. Wakati wa kukaza fuata mtindo wa kuruka, nati hii kisha inayotazamana nayo. Toyota inataka nguvu ya Nm 103, ambayo kwa ufunguo wa sentimita 30 ni kama kuweka kilo 35 kwenye ncha yake. Kuruka juu ya ufunguo kwa mguu kunavuta bolti. Baada ya kilomita 50 simama ukaze tena.